Moyo Ukibadilishwa Mlango, Uchague Upi?

Hebu fikiria jambo hili. Una miaka 19. Miezi kadhaa sasa, ukipanda kilima na ndoo ya maji pumzi inakukatika. Usiku huwezi kulala chali, lazima uinuliwe kwa mito. Miguu imeanza kuvimba. Umeonwa hospitali ya Wasso, ukaandikiwa rufaa, na leo umekaa mbele ya daktari wa moyo Dar es Salaam. Anakuambia: "Mlango mmoja wa moyo wako umeharibika. Tutauondoa na kuweka mwingine. Kuna aina mbili. Wewe ungependa upi?"

Utajibu nini? Wengi wetu tungejibu haraka haraka: "Ule unaodumu zaidi, daktari." Jibu hilo si baya, lakini ni nusu ya jibu. Mlango unaodumu zaidi una masharti yake, na masharti hayo utaishi nayo kijijini kwako, siyo wodini. Somo hili linahusu nusu ile nyingine.

MLANGO WA MOYO NI NINI?

Moyo una vyumba vinne na milango minne. Wataalamu huiita valvu. Kazi ya kila mlango ni moja tu: kuruhusu damu iende mbele na kuizuia isirudi nyuma, kama lango la zizi linalofunguka upande mmoja. Moyo hupiga mara 100,000 hivi kwa siku, na kila pigo milango inafunguka na kufunga. Sasa lango likiwa limekakamaa halifunguki vizuri, au likiwa limelegea halifungi, moyo unafanya kazi kubwa mno mpaka unachoka. Ndipo pumzi inapokatika na miguu inapovimba.

Kwa vijana wa Afrika Mashariki, chanzo kikubwa cha uharibifu huo ni homa ya rumatiki, na homa hiyo huanzia kooni! Mtoto wa miaka 5 hadi 15 anaumwa koo, yale mafindofindo tunayoyadharau. Bakteria aitwaye streptokoka akiachwa bila tiba, mwili unapigana naye, lakini baadaye unakosea shabaha na kuanza kushambulia viungo na moyo wake wenyewe. Magoti na viwiko huuma, kisha hupona. Mlango wa moyo haupone hivyo. Hubaki na kovu, na kila homa hiyo ikirudi kovu linaongezeka.

Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2014 ulifuatilia wagonjwa 3,343 wenye ugonjwa huu katika nchi 14, zikiwemo Kenya, Uganda na Rwanda. Nusu yao walikuwa na umri wa miaka 28 au chini ya hapo, na karibu theluthi mbili walikuwa wanawake. Kwa hiyo usidhani huu ni ugonjwa wa wazee. Ni ugonjwa wa rika lako.

JE, LAZIMA MLANGO UBADILISHWE?

Hapana, si kila mara, na hili ndilo swali la kwanza la kumwuliza daktari. Mlango uliobana unaweza wakati mwingine kupanuliwa kwa kibofu kidogo kinachopitishwa ndani ya mshipa mkubwa wa paja hadi kwenye moyo, bila kupasua kifua. Mlango uliolegea pengine unaweza kushonwa na kurekebishwa. Mlango wako mwenyewe ukiweza kuokolewa, mara nyingi huo ndio bora kuliko wowote wa kuwekewa.

Upasuaji wa kufungua moyo ulianza katika hospitali ya Muhimbili mwaka 2008. Kabla ya hapo wagonjwa wengi walilazimika kupelekwa nje, hasa India. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ilianzishwa mwaka 2015 hapo hapo Muhimbili, nayo hufanya upasuaji na pia ile tiba ya kupitia mshipa wa paja.

AINA MBILI ZA MILANGO

Ikiwa mlango hauokoleki, utachagua kati ya hizi mbili. Ili tusichanganyikiwe tutaziita mlango wa kaboni na mlango wa mnyama.

1. Mlango wa kaboni

Huu umetengenezwa kiwandani kwa vitu visivyo na uhai. Wa kwanza kufanya kazi vizuri kwa muda mrefu ulitengenezwa Marekani mwaka 1960 na daktari Albert Starr pamoja na mhandisi Lowell Edwards. Ulikuwa kigololi ndani ya kitundu cha waya! Inayotumika zaidi siku hizi ina vibawa viwili vya kaboni ngumu vinavyofunguka na kufunga, muundo ulioanza kutumika mwaka 1977. Ukikaa kimya usiku waweza kuusikia: tik, tik, tik.

Uzuri wake: hauchakai upesi. Kijana anaweza kukaa nao miongo mingi, pengine maisha yake yote.

Ugumu wake: damu ikigusa kitu hicho kigeni hutaka kuganda. Donge la damu linaweza kuukwamisha mlango, au likachomoka na kwenda kwenye ubongo, ukapooza upande mmoja. Ndiyo maana mwenye mlango huu hutumia dawa ya kuzuia damu kuganda, iitwayo warfarini, kila siku ya maisha yake. Siyo mwezi mmoja, siyo mwaka mmoja. Kila siku.

2. Mlango wa mnyama

Huu hutokana na mlango wa moyo wa nguruwe, au hushonwa kwa ngozi laini inayofunika moyo wa ng'ombe. Hutibiwa kwa kemikali ili uwe imara na mwili usiushambulie. Ndugu zetu Waislamu wakati mwingine huogopa kuuliza kuhusu ule wa nguruwe. Ulizeni bila woga: mlango wa ng'ombe upo, na daktari mwema hatachukizwa na swali hilo.

Uzuri wake: kwa kawaida hauhitaji warfarini ya maisha. Wengi huitumia kwa miezi michache tu baada ya upasuaji.

Ugumu wake: unachakaa. Kwa mzee unaweza kudumu miaka 10 hadi 15, au zaidi. Kwa kijana huchoka mapema kuliko hivyo, kwa sababu mwili unaokua huujaza chokaa upesi, unakakamaa. Maana yake ni nini? Ukiwekewa ukiwa na miaka 20, jiandae kupasuliwa tena, pengine zaidi ya mara moja. Na kwa kawaida upasuaji wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza.

Sasa umeona? Mmoja unakudai kidonge na kipimo maisha yote. Mwingine unakudai kurudi mezani kwa daktari wa upasuaji. Hakuna wa bure.

WARFARINI: DAWA ILIYOANZIA KWA NG'OMBE

Wafugaji, hadithi hii ni yenu. Miaka ya 1920 huko Kanada na kaskazini mwa Marekani, ng'ombe walianza kufa ovyo. Jeraha dogo tu, au kukatwa pembe, na damu haikukoma mpaka mnyama akafa. Ikagundulika kwamba walikuwa wamekula majani makavu ya malisho yaliyooza. Mwaka 1933 mfugaji mmoja wa Wisconsin alimpelekea mtaalamu Karl Link mtamba aliyekufa pamoja na debe la damu ambayo haikuganda. Link na wenzake walifanya kazi kwa miaka mpaka wakaipata sumu iliyomo katika majani yale. Kutokana nayo ikatengenezwa warfarini, iliyoanza kuuzwa mwaka 1948 kama sumu ya panya. Miaka michache baadaye ikawa dawa ya binadamu.

Hadithi hii inatufundisha nini? Kwamba warfarini ni dawa ya kipimo. Ikizidi, unavuja damu kama wale ng'ombe. Ikipungua, damu inaganda kwenye mlango. Katikati ndipo penye usalama.

Utajuaje uko katikati? Kwa kipimo cha damu kiitwacho INR. Mtu asiyetumia dawa hii huwa na INR ya 1 hivi. Mwenye mlango wa kaboni upande wa aota kwa kawaida hutakiwa awe kati ya 2.0 na 3.0. Upande wa mitrali, ambao ndio huharibiwa zaidi na homa ya rumatiki, ni kati ya 2.5 na 3.5. Mwanzoni hupimwa mara nyingi, hata kila wiki. Mambo yakitulia, kila mwezi hivi. Dozi ya jirani yako siyo dozi yako, kwa hiyo msiazimane vidonge.

Huenda ukasikia: "Siku hizi kuna vidonge vipya visivyohitaji kupimwa." Ni kweli vipo, lakini siyo kwa mlango wa kaboni. Vilijaribiwa. Jaribio la dabigatrani liliripotiwa mwaka 2013 na lile la apiksabani lilisimamishwa mwaka 2022, kwa sababu waliotumia walipata madonge ya damu zaidi kuliko wa warfarini. Kwa hiyo usibadilishiwe dukani.

SASA, LOLIONDO MAMBO YAKOJE?

Hapa ndipo ile nusu ya pili ya jibu inapoanza. Chukua karatasi tuandike.

Umbali. Kutoka Loliondo hadi Arusha ni safari ya siku nzima, uwe umepita Ngorongoro au barabara ya Engaresero na Ziwa Natron, na mvua ikikolea safari huwa mtihani. Kabla ya kuchagua mlango wa kaboni, ulizia: kipimo cha INR kinapatikana wapi karibu nami? Wasso? Karatu? Arusha? Kinapatikana kila siku au vitendanishi huisha? Nauli ni kiasi gani, nani ataitoa kila mwezi, na mwezi ule ambao hakuna mbuzi wa kuuza itakuwaje?

Chakula. Mboga za majani kama mchicha, sukuma wiki, kisamvu na majani ya maboga zina vitamini K, ambayo hupunguza nguvu ya warfarini. Je, uziache? Hapana! Shida siyo mboga, shida ni kubadilika ghafla. Kijana wa Digodigo anayekula mboga ya shamba la kumwagilia karibu kila siku, aendelee hivyo hivyo, dozi yake itapangwa kulingana na chakula hicho. Kijana anayeishi kwa maziwa na nyama, kisha akaenda shule ya bweni na kuanza kula mboga kila siku, amwambie mhudumu ili apimwe.

Supu na mitishamba. Wamasai huchemsha supu kwa magome na mizizi, okiloriti ikiwa mojawapo. Hatusemi ni mbaya. Tunasema hakuna aliyepima inafanya nini ikikutana na warfarini tumboni mwako. Usifiche. Mweleze daktari unachokunywa.

Dawa nyingine. Flajili na septrini huongeza nguvu ya warfarini. Rifampisini, iliyomo katika dawa za kifua kikuu, huipunguza sana. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni huongeza hatari ya kuvuja damu. Ukienda duka la dawa au zahanati, sentensi ya kwanza iwe: "Natumia warfarini." Iseme hata kabla ya kuchomwa sindano ya msuli.

Majeraha. Kukimbizana na ng'ombe, panga, bodaboda, mieleka. Kwa mwenye warfarini pigo la kichwa ni jambo la kukimbilia hospitali, hata kama huoni damu.

Meno. Hili ni la wote wenye mlango wa kuwekewa, wa kaboni au wa mnyama. Bakteria wa kinywani wanaweza kuingia kwenye damu na kujenga kwenye mlango mpya, na ugonjwa huo huua. Piga mswaki kila siku. Kung'olewa jino, pamoja na yale meno mawili ya chini kimila, kusifanyike bila daktari kujua, maana unahitaji dawa ya kukinga kwanza.

KUMBUKUMBU YA KIKOMBE

Mwaka 2011 jina la Loliondo lilivuma dunia nzima. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, Babu wa Samunge, alikuwa akitoa kikombe kimoja cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi, na wapo wagonjwa waliofia njiani wakisubiri. Babu alifariki mwaka 2021.

Hatuandiki haya kumcheka mtu. Watu walikwenda kwa sababu walichoka na ugonjwa, na kikombe kimoja cha kumaliza yote ni ndoto ya kila anayekunywa vidonge kila siku. Lakini baadhi walirudi nyumbani wakaacha ARV na dawa za kisukari, ingawa madaktari waliwasihi wasiache.

Warfarini nayo itakuchosha. Utajisikia mzima, unacheza mpira, na utajiuliza: "Kwa nini niendelee?" Jiulize swali hilo leo, kabla ya upasuaji, na ujijibu kwa ukweli. Mwenye mlango wa kaboni akiacha kidonge haumwi siku hiyo. Siku inayofuata pia haumwi. Halafu siku moja mlango unakwama.

KWA WASICHANA

Warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12 ya mimba, wakati ambapo wasichana wengi hata hawajajua kuwa ni wajawazito. Lakini kuiacha ghafla kunaweza kumwua mama. Kwa hiyo mimba ya mwenye mlango wa kaboni hupangwa mapema pamoja na daktari, na hata ikipangwa ina hatari kubwa. Kwa sababu hiyo msichana anayetaka kuzaa anaweza kushauriwa mlango wa mnyama, akijua kwamba atapasuliwa tena baadaye.

Pia hedhi inaweza kuwa nzito ukitumia warfarini. Usione haya, sema. Na ukitaka uzazi wa mpango, fahamu kwamba vidonge vyenye estrojeni huongeza hatari ya damu kuganda. Zipo njia nyingine, ulizia.

Wazazi na wachumba, uamuzi huu si wa ukoo peke yake. Msichana awepo, aelezwe kwa lugha anayoielewa, na sauti yake isikike.

TUJIFUNZE KWA MIFANO

Hawa si watu halisi. Jadilini katika kikundi kabla ya kusoma maoni yetu.

Wa kwanza: mvulana wa miaka 20, fundi cherehani Karatu mjini, yuko karibu na hospitali na ana dada anayemkumbusha dawa. Maoni yetu: mlango wa kaboni unamfaa. Ni kijana, na masharti anayaweza.

Wa pili: bibi wa miaka 68. Mlango wa mnyama. Unaweza kumtosha maisha yake bila usumbufu wa vipimo.

Wa tatu: mwanamke wa miaka 23, hajazaa, lakini mapigo ya moyo wake yameshavurugika, na daktari amesema atahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda kwa vyovyote vile. Maoni yetu: hapa faida kubwa ya mlango wa mnyama imepungua. Aulize mambo mawili pamoja: dawa ataihitaji kwa muda gani, na mimba itakuwaje.

Wa nne: morani wa miaka 18. Kiangazi huhama na mifugo, pengine wiki tatu haoni zahanati. Kaboni itamtaka kipimo asichokifikia. Mnyama utamtaka upasuaji mwingine angali kijana. Maoni yetu? Hatuna jibu la mkato. Labda mdogo wake achukue mifugo, naye akae karibu na Wasso. Labda akubali upasuaji wa pili kwa macho wazi. Kosa ni moja tu: kuchagua kaboni na kurudi machungani kama vile hakuna kilichobadilika.

MASWALI YA KWENDA NAYO KWA DAKTARI

Yakate uyaweke mfukoni.

1. Shikamoo daktari. Je, mlango wangu hauwezi kupanuliwa au kushonwa?
2. Nitahitaji warfarini hata nikiwekewa mlango wa mnyama?
3. INR yangu iwe kati ya ngapi na ngapi? Niandikie kwenye kadi.
4. Nitapimia wapi, na nani atanibadilishia dozi nikiwa mbali?
5. Mlango wa mnyama ukichakaa, upasuaji wa pili utafanyika wapi na nani atalipa?
6. Nataka kuzaa. Unanishauri nini?
7. Sindano yangu ya penisilini niendelee nayo mpaka lini?

Usisahau swali la 7. Mlango mpya hauondoi homa ya rumatiki. Wengi huendelea na penisilini kila baada ya wiki 3 au 4 kwa miaka mingi, ili milango iliyobaki isiharibike.

KIMBILIA HOSPITALI UKIONA HAYA

- Pumzi inakatika ghafla, au ile tik tik imefifia au kunyamaza.
- Mdomo umepinda, mkono hauna nguvu, maneno hayatoki.
- Damu ya pua haikomi, au choo ni cheusi kama lami.
- Homa ya siku kadhaa isiyoeleweka. Usimeze dawa ya malaria ukanyamaza.

JIPIME

1. Kwa nini mlango wa mnyama huchakaa upesi kwa kijana?
2. Rafiki yako mwenye mlango wa kaboni amesahau kidonge jana. Anataka kumeza viwili leo. Utamwambiaje?
3. Mdogo wako ana koo linalouma na homa. Mama anasema litapona lenyewe. Utafanya nini?

Majibu: (1) Mwili wa kijana huujaza chokaa haraka. (2) Asimeze viwili. Ameze cha leo kwa saa yake, aandike siku aliyosahau na kumwambia mhudumu. (3) Mpeleke zahanati. Koo likitibiwa mapema na sawasawa, mtoto huyo huenda asije akalazimika kuchagua mlango wowote.